Kwa Nini Mtu Hutunga Hadithi? Mfano wa Mwalimu Ghassan Kanafani



Kila mwalimu wa lugha anapowapa wanafunzi wake kazi ya kutunga hadithi, husikia maneno ya aina mbili. Mmoja atasema, "Maalim, mimi sina cha kuandika. Kwetu hakujatokea jambo lolote." Mwengine, na huyu mara nyingi ndiye mwenye bidii zaidi darasani, atauliza, "Maalim, hadithi si mambo ya kubuni? Na kubuni si kusema uwongo?"

Masuali yote mawili ni ya haki na yanastahiki kujibiwa. Katika makala haya tutayajibu kwa kumtazama mwandishi mmoja aliyekuwa mwalimu wa skuli, na ambaye hadithi zake nyingi zilianzia kwa watoto wa umri kama wenu. Huyo ni Ghassan Kanafani, Mpalestina, mmoja wa watungaji wakubwa wa hadithi fupi katika lugha ya Kiarabu.

Tufahamiane kwanza kuhusu neno

Hadithi tunazozizungumza hapa sizo Hadithi za Mtume (S.A.W.). Hizo ni elimu yenye isnadi na masharti yake, na kubuni ndani yake ni dhambi kubwa. Tunazungumza juu ya kile ambacho Waarabu wa leo hukiita qissa qasira, yaani hadithi fupi. Hayo ni masimulizi ya kubuni ambayo mtu huweza kuyasoma kwa mkao mmoja. Huwa na watu wachache, tukio moja au mawili, na aghalabu hugusa jambo moja tu katika maisha ya mtu.

Ghassan Kanafani ni nani?

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1936 katika mji wa Akka, ulio ufukweni mwa bahari kaskazini mwa Palestina. Baba yake alikuwa wakili, na familia iliishi Jaffa (Yafa), mji uliokuwa na sifa kubwa kwa machungwa yake. Kwa hivyo Ghassan hakuzaliwa katika dhiki.

Mwaka 1948 vita vilipozuka, Wapalestina zaidi ya 700,000 walitoka au walitolewa katika miji na vijiji vyao. Familia ya Kanafani ilikuwa miongoni mwao. Ghassan alikuwa na umri wa miaka 12. Walivuka kuingia Lebanon, kisha wakahamia Syria, wakaishia Damascus. Baba aliyekuwa wakili akawa mkimbizi, na watoto wakaanza kutafuta kazi za kuisaidia nyumba.

Mwaka 1952, akiwa kijana wa miaka 16, Ghassan alipata cheti cha ualimu cha UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi wa Kipalestina, akaanza kusomesha watoto wa wakimbizi mjini Damascus. Kisha akaenda kusomesha Kuwait, na mwaka 1960 akahamia Beirut kufanya kazi ya uandishi wa magazeti. Hadithi zake fupi zilianza kuchapishwa katika miaka ya 1950. Diwani yake ya kwanza ya hadithi fupi, Kifo cha Kitanda Namba 12, ilitoka 1961, na kitabu chake mashuhuri, Watu Juani, kilitoka 1963.

Sasa tutazame hadithi hizo zilitoka wapi.

Chimbuko la kwanza: darasa

Siku moja Kanafani alikuwa akisomesha uchoraji. Mtaala ulimtaka awafundishe watoto kuchora tofaa na ndizi. Akashika chaki akaanza kuchora ubaoni, kisha akahisi kwamba jambo hili haliendi. Watoto waliokuwa mbele yake walikuwa watoto wa kambi, na picha ile ilikuwa ngeni kwao. Haikuwa na uhusiano wowote na maisha yao. Basi akaufuta ubao, akawaambia wachore kambi.

Mkaguzi wa skuli alipokuja alimlaumu kwa kuacha mtaala. Lakini ndugu msomaji, tukio hili dogo limebeba ndani yake sababu yote ya uandishi wake. Mtoto anayefungua kitabu na kukuta ndani yake matunda asiyoyala, nyumba asizozijua na watu wasiofanana na watu wake, hufahamu bila ya kuambiwa kwamba maisha yake yeye hayafai kuandikwa. Kanafani hakukubali hivyo. Alianza kutunga hadithi fupi katika miaka hiyo ya kusomesha, akitaka wanafunzi wake wayafahamu maisha waliyokuwamo. Ndiyo maana nyingi ya hadithi zake zinasimuliwa kwa macho ya mtoto.

Kuna jambo jengine lililomkuta darasani. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wakisinzia, na mwanzoni aliudhika, kama ambavyo mwalimu yeyote angeudhika. Kisha akatafuta sababu. Akagundua kwamba watoto wale usiku walikuwa wakiuza peremende na vitu vidogo vidogo mabarabarani na kwenye majumba ya sinema, na asubuhi wanakuja skuli hawajalala. Usingizi wao haukuwa dharau kwa mwalimu wala uvivu wa kusoma. Ulikuwa ni njaa ya nyumbani kwao.

Mambo haya aliyatia katika hadithi ya mwalimu wa wakimbizi na mwanafunzi wake aitwaye Hamid, mtoto anayeuza mikate kando ya njia usiku. Hamid humpa mwalimu habari zisizo za kweli kuhusu watu wa nyumbani kwao, na kila uwongo mmoja unapofichuka, nyuma yake huonekana dhiki ambayo mtoto aliona haya kuitaja. Msomaji anayemaliza hadithi hiyo hawezi tena kumtazama mtoto anayesinzia darasani kwa jicho lile lile. Hata kwetu wapo watoto wanaotembeza karanga na ubuyu mpaka usiku mwingi, na asubuhi wanakaa madawati ya nyuma. Wangapi kati yetu tumewahi kuwauliza?

Kambi yenyewe pia ilimpa hadithi. Katika Shati Lililoibwa, baba mmoja anachimba mtaro usiku wa mvua ili maji yasiingie katika hema lake. Mwanawe anatetemeka kwa baridi na hana shati. Jirani anakuja kumshawishi washirikiane kuiba unga katika ghala ya msaada. Baba anaanza kuliona lile shati jipya machoni mwake. Kisha anafahamu kwamba unga ukiibwa, mgao wa kambi nzima huchelewa, na watoto wa wenzake ndio watakaolala na njaa. Hasira inampanda, na yule jirani anapigwa kwa sepetu ile ile iliyokuwa ikichimba mtaro. Kanafani hakuandika waadhi juu ya ubaya wa wizi. Alimweka mtu mwenye dhiki mbele ya mlango wa wizi, akatuacha tuhisi uzito wake.

Chimbuko la pili: kilichopotea

Mwandishi hutunga pia kwa sababu kuna kitu kimempotea na anataka kisisahauliwe. Kwa Kanafani kitu hicho kilikuwa nyumbani.

Katika hadithi yake Ardhi ya Machungwa ya Huzuni, mtoto anasimulia jinsi watu wao walivyopakiwa katika lori pamoja na mizigo. Wanapofika karibu na mpaka wa Lebanon, wanawake wanashuka kununua machungwa kwa mkulima aliye kando ya njia. Wanarudi nayo wakilia. Baba analishika chungwa moja, analitazama kimya, kisha analia kama mtoto mdogo. Mwisho wa hadithi, baada ya dhiki nyingi katika nchi ya ugeni, yule mtoto anachungulia chumbani na kuona juu ya meza bastola, na pembeni yake chungwa lililokauka na kunyauka.

Angalieni alivyofanya. Hakutwambia idadi ya watu waliohama, wala hakueleza mikutano ya wakubwa wa dunia. Vitabu vya tarikhi vimejaa mambo hayo, na ni wajibu wetu kuyasoma. Yeye alichukua tunda moja ambalo kila mtu wa Jaffa alilijua harufu yake, akalipitisha katika hadithi tangu likiwa bichi mpaka likakauka. Msomaji aliye mbali, asiyewahi kuiona Palestina, anafahamu mara moja kwamba kilichokauka si chungwa tu.

Hili ni jibu kwa yule anayesema, "Kwetu hakujatokea jambo." Chungwa halikuwa jambo kubwa. Ukubwa wake ulitokana na mtu aliyelishika na siku aliyolishika.

Chimbuko la tatu: mtu asiyejulikana

Akiwa Kuwait, Kanafani aliugua kisukari, ugonjwa aliokaa nao mpaka mwisho wa maisha yake, na alilazwa hospitali. Huko ndiko ilikotoka hadithi ya Kifo cha Kitanda Namba 12, nayo inatuhusu sisi watu wa pwani kwa namna ya pekee, kwa sababu mgonjwa wa kitanda hicho ni kijana wa Omani. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, na Omani haikuanza mpaka 1967. Katika miaka hiyo ya katikati vijana wengi wa Omani walikwenda Kuwait kutafuta riziki. Wengi wetu tuna jamaa wenye khabari za safari kama hizo.

Katika hadithi, msimulizi ambaye naye ni mgonjwa anamwandikia rafiki yake barua. Anamweleza juu ya kijana aitwaye Muhammad Ali Akbar, anayekufa kwa saratani ya damu. Kijana huyu ana mambo mawili ya ajabu. La kwanza, haitiki mpaka aitwe kwa jina lake kamili, yote matatu. La pili, ana kisanduku anachokilinda sana. Anapokufa, hospitali inamtaja kwa namba ya kitanda chake tu. Msimulizi hawezi kuvumilia jambo hilo, basi anakaa na kumtungia maisha: kijiji, umasikini, mapenzi, safari ya kuja Kuwait, na sababu ya kulishikilia lile jina. Ni kisa kizuri na kinaingia akilini. Kisha anapata khabari za kweli za marehemu, na anaona kwamba maisha aliyomtungia siyo yake.

Hapa ndipo penye jibu la suali la pili, je kutunga ni kusema uwongo?

Mwongo humwambia mtu jambo lisilokuwa akitaka aamini kuwa limekuwa. Mtungaji hafanyi hivyo. Yeye na msomaji wake wameagana tangu ukurasa wa kwanza kwamba Hamid ni mtu wa kubuni na kwamba mazungumzo yale hayakurikodiwa popote. Hakuna aliyehadaiwa. Anachokusudia mtungaji ni kwamba njaa, haya, woga na upendo aliovieleza viwe vya kweli.

Lakini Kanafani hakuishia hapo, alituonya pia. Kumtungia maisha mtu wa kweli, ukadhani kwamba sasa unamjua, ni hatari. Sisi sote tunafanya hivyo kila siku bila ya kalamu. Tunamwona mtu nguo zake, au tunasikia namna anavyosema, na palepale tunamtungia kisa: huyu mvivu, huyu ana kiburi, yule si mtu wa kheri. Kisha tunakwenda tukiwahadithia wengine. Kisa cha namna hiyo ndicho kinachokaribia uwongo, ijapokuwa hakikuandikwa kitabuni. Mwandishi mwema hubuni, lakini huwa na khofu ya kumdhulumu mtu kwa alichobuni.

Chimbuko la nne: mpenzi wa moyo

Kanafani alikuwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, jina lake Lamis, aliyezaliwa mwaka 1955. Mjomba huyu alijiwekea ada ya kumtungia kitu kila mwaka siku yake ya kuzaliwa inapofika. Januari 1963, Lamis alipotimiza miaka minane, alimpa hadithi aliyoitunga na kuichora picha kwa mkono wake mwenyewe, iitwayo Kandili Ndogo.

Ni kisa cha binti mfalme ambaye baba yake amemwachia wasia kwamba hatakuwa malkia mpaka aliingize jua ndani ya kasri. Binti anapanda milima na kuhangaika bila ya kufanikiwa. Na wakati wote huo yuko mzee mmoja na kandili yake ndogo anayetaka kuingia, na walinzi wanamfukuza. Mwisho binti anafahamu kwamba jua haliwezi kuingia penye kuta ndefu na milango iliyofungwa. Watu wanapoachiwa kuingia, kila mmoja na kandili yake, kasri yote inajaa nuru.

Upendo wa mtoto ndio unaoonekana pia katika Barua kutoka Gaza, aliyoiandika mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka 20. Mwalimu mmoja anayefanya kazi Kuwait amealikwa na rafiki yake aende Marekani, na safari imekaribia. Anarudi Gaza kuaga, anakwenda hospitali kumtazama binti wa ndugu yake, Nadia, mwenye miaka 13. Anamwambia kwamba amemletea suruali nyekundu aliyoitaka. Nadia analifunua shuka, na mguu haupo. Umekatwa, kwa sababu mabomu yalipoanguka alijitupa juu ya wadogo zake kuwakinga. Mwalimu anatoka nje, na safari ya Marekani inakuwa imekwisha. Anamwandikia rafiki yake kwamba hendi, na anamtaka yeye ndiye arudi.

Je, alitunga kwa ajili ya nini?

Tukiyakusanya haya tunaona kwamba Kanafani hakuandika ili asifiwe. Aliandika ili wanafunzi wake wajione vitabuni, ili kilichopotea kisifutike, ili mtu aliyeitwa kwa namba apate jina lake, na ili ampe zawadi mtoto aliyempenda.

Ni lazima tuseme pia kwamba hakuwa mtungaji tu. Aliingia katika siasa tangu ujana wake, alifuata fikra za mrengo wa kushoto, alikuwa msemaji wa chama cha PFLP kilichopigania ukombozi wa Palestina kwa silaha, na mwaka 1969 alianzisha gazeti la chama hicho, al-Hadaf. Mashambulizi ya chama hicho yalifika hata kwa raia, likiwemo lile la uwanja wa ndege wa Lod tarehe 30 Mei 1972, ambamo watu 26 waliuawa. Mambo hayo yana mjadala wake mrefu, na makala haya siyo mahali pake. Linalotuhusu ni kwamba Lamis mwenyewe, alipokua, alimtaka mjomba wake apunguze siasa ashughulikie hadithi, kwa kuwa hadithi zake ni nzuri. Jibu lake lilikuwa kwamba anaandika vizuri kwa sababu kuna jambo analoliamini, na siku akiliacha hadithi zake zitakuwa tupu.

Tarehe 8 Julai 1972 bomu lililotegwa katika gari yake mjini Beirut lililipuka. Mauaji hayo yanahusishwa na shirika la ujasusi la Israel. Kanafani alikuwa na umri wa miaka 36. Lamis, mwenye miaka 17, alikuwa pamoja naye na alikufa hapo hapo. Mwaka 1975 marehemu alitunukiwa tuzo ya Lotus ya waandishi wa Afrika na Asia. Zile hadithi alizoziandika kwa ajili ya mtoto mmoja bado zinasomwa na watoto wa nchi nyingi.

Tujifunze nini?

Kwa wale wanaotaka kushika kalamu, tunawausia mambo manne kutokana na mfano huu:

1. Anza na kilicho karibu nawe. Usichore tofaa kwa sababu kitabu kimechora tofaa. Chora mtaa wako, kisima chenu, bibi yako anapochambua mchele, au mwenzako anayechelewa kila siku.

2. Uliza kabla ya kuhukumu. Kanafani angekasirika tu kwa wanafunzi wanaosinzia, asingepata hadithi, na watoto wale wasingepata mwalimu wa kuwafahamu.

3. Tafuta kitu kimoja kidogo kibebe maana. Chungwa moja, shati moja, suruali moja nyekundu. Ukieleza vitu kumi kwa mara moja, msomaji hatakumbuka hata kimoja.

4. Mwandikie mtu. Ukikaa kuandika kwa ajili ya watu wote, maneno huwa makubwa na matupu. Mfikirie mdogo wako, au rafiki aliye mbali, au mtu ambaye hakuna anayemsikiliza, kisha mwandikie yeye.

Ama wale ambao hawatakuwa waandishi, na hao ndio wengi, nao wana fungu lao. Mwaka huu darasani mwenu atakuwepo mtoto wa dawati la nyuma ambaye kila mtu ameshamtungia kisa chake. Mwiteni kwa jina lake kamili, kaeni naye, mumsikilize akisimulia kisa chake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.